Madini kwa ng'ombe, mbuzi na kondoo: anza na chakula kilichomo horini

Ndama akidumaa, au ng'ombe akipandishwa mara kwa mara bila kushika mimba, wafugaji wengi hukimbilia jiwe la kulamba. Huenda ni kweli madini yamepungua. Lakini katika kazi yangu ya kutibu mifugo, mara nyingi nakuta mnyama ana njaa, kiu au minyoo, na hapo madini hayamsaidii kitu. Fuata hatua hizi kwa mpangilio wake.

Hatua ya 1: Jua uzito, kisha jaza tumbo

Kama huna mizani, tumia futi ya fundi cherehani. Pima mzunguko wa kifua nyuma tu ya miguu ya mbele, halafu urefu kutoka bega hadi mfupa wa kalio, vyote kwa sentimita. Zidisha mzunguko kwa mzunguko, zidisha tena kwa urefu, kisha gawanya kwa 10,840. Ng'ombe mwenye mzunguko wa sm 160 na urefu wa sm 130 ana takriban kilo 307.

Kwa siku anahitaji chakula kikavu cha asilimia 2.5 hadi 3 ya uzito huo. Majani mabichi yana maji mengi, kwa hiyo ng'ombe wa kilo 400 huhitaji kilo 40 hadi 60 za majani hayo. Maji ya kunywa yasikauke kamwe. Kama hajapewa dawa ya minyoo siku nyingi, shughulikia hilo kwanza.

Hatua ya 2: Msome mnyama

Anayetafuna mifupa, mbao na udongo mara nyingi amepungukiwa fosforasi. Okota mifupa yote malishoni uizike, kwa sababu mabaki ya mizoga hubeba sumu ya bakteria inayompooza mnyama hadi kufa. Anayelamba kuta na mkojo wa wenzake anatafuta chumvi. Manyoya meusi yakigeuka rangi ya kutu na kupukutika kuzunguka macho, fikiria shaba. Mbuzi akizaa watoto wenye uvimbe kooni na manyoya haba, fikiria madini joto.

Usihukumu kwa dalili moja, maana zinafanana na za magonjwa mengine. Hata kipimo cha damu kinaweza kukuhadaa: shaba huhifadhiwa kwenye ini, na damu huonekana nzuri wakati ini linaelekea kuishiwa.

Hatua ya 3: Linganisha kalsiamu na fosforasi

Hapa ndipo naona hasara kubwa kuliko kote. Lenga sehemu 2 za kalsiamu kwa 1 ya fosforasi. Pumba na nafaka zina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo. Majani ya jamii ya mikunde yana kalsiamu tele. Nyasi zilizokauka zikisimama shambani huwa na fosforasi haba.

Beberu au mbuzi aliyehasiwa akinenepeshwa kwa pumba tupu hupata vijiwe kwenye njia ya mkojo. Utamwona amesimama, mgongo umepinda, anajikamua na kutoa matone tu. Shika nywele zilizo kwenye ncha ya govi: utahisi chembe kama mchanga. Mwite daktari wa mifugo saa hiyohiyo, kwa sababu kibofu kinaweza kupasuka. Kwa waliobaki, punguza pumba, ongeza majani ya mikunde, na wape chumvi ili wanywe maji zaidi.

Kwa ng'ombe wa maziwa mengi, usimlundikie kalsiamu wiki 3 za mwisho za mimba. Mwili huzoea kupokea na kusahau kuichota kutoka mifupani, kisha anazaa na maziwa yanaidai yote kwa pamoja. Akilala ndani ya siku 3 baada ya kuzaa, masikio ya baridi, shingo imekunjwa ubavuni, hiyo ni homa ya maziwa. Anahitaji kalsiamu ya mshipani, inayoingizwa polepole na mtaalamu.

Hatua ya 4: Weka madini yenyewe

Soma lebo. Mawe mengi ya kulamba ni chumvi karibu tupu. Kwa anayekamuliwa napendelea madini ya unga yaliyochanganywa kwenye chakula, kwa kuwa ulimi hauwezi kukwangua vya kutosha kwenye jiwe gumu. Waliokosa chumvi muda mrefu waanzishie kidogo kidogo, maji yakiwa karibu.

Kondoo wasiguse madini ya ng'ombe. Shaba hujikusanya kwenye ini lao bila dalili yoyote, halafu ghafla mkojo unageuka mwekundu uliokolea, macho yanakuwa ya manjano, na wengi hufa.

Hatua ya 5: Pima tena

Pima ndama kila mwezi kwa futi ileile, saa ileile, kabla hajala, na uandike. Kwa upungufu wa shaba usitegemee mabadiliko ya haraka: rangi hurudi kwenye manyoya mapya yanayoota, kwa hiyo subiri miezi kadhaa kabla ya kubadilisha aina ya madini.