Diski ikianza kugonga, toa mafaili kwanza

Mama mwalimu aliingia kibandani kwangu hapa Birere, kompyuta ameifunga ndani ya kitenge kama mtoto. Alikuwa ametoka Ndosho kwa pikipiki, na anayezijua barabara za mawe ya volkano za Goma anajua jinsi abiria anavyorushwa. "Mwanangu, imekuwa nzito wiki mbili hizi. Jana imekataa kabisa." Niliiwasha, nikaitegea sikio. Tik, tik, tik, kisha mvumo wa kitu kinachojaribu kuzunguka upya, kisha tik tena. Nikaizima palepale. Akashtuka: "Sasa mbona unaizima tena?"

Kwa sababu diski ya zamani, hii tunayoiita disque dur, ina sahani zinazozunguka mara 5400 au 7200 kwa dakika, na kichwa cha kusomea kinachoelea juu yake kwa umbali mdogo kuliko unene wa chembe ya vumbi. Kichwa kikianza kupotea njia ndipo unasikia kugonga. Kila dakika unayoiacha iwake unazidi kupunguza kile kitakachookolewa. Alama za wanafunzi wa miaka minne zilikuwa humo, na nakala nyingine hakuna.

Kwa hiyo usikimbilie kupiga Windows upya juu ya diski hiyohiyo. Usiendeshe chkdsk /r, amri ya Windows ya kukagua na kutengeneza diski, maana itailazimisha diski mgonjwa isome kila kona na kuandika juu ya vidonda vyake. Usiitie kwenye friji, itatoka na unyevu ndani. Na usiifungue. Nimeona mtu sokoni ameifungua juu ya meza ili "asukume sindano", huku chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, zinapita na vumbi jeusi limetanda. Mwenye diski alilipa, akaondoka na kioo kizuri cha kujitazama.

Ukitaka uhakika kabla ya kununua kitu, tengeneza flashi ya SystemRescue, mfumo wa Linux unaofanya kazi kutoka kwenye flashi yenyewe, washa kompyuta kwa flashi hiyo, kisha andika:

smartctl -a /dev/sda

Katika jedwali angalia mistari mitatu: 5, 197 na 198. Namba nzima ya mwisho kulia ikiwa sifuri kwenye yote mitatu, pengine ugonjwa uko kwingine. Ya mama mwalimu ilikuwa na 312 kwenye mstari wa 197, yaani sehemu 312 zinazosubiri diski iamue kama zimekufa au la. Hapo ubishi uliisha.

Sasa kuokoa. Hapa ndipo nakaa muda mrefu kuliko kwingine kote. Unahitaji diski ya nje yenye nafasi kubwa kuliko ile mbovu nzima, hata kama mafaili ni machache. Yake ilikuwa ya GB 500, mimi nina ya TB 1 ya kazi. Mpangilio wake wa mafaili uwe NTFS au exFAT. FAT32 haipokei faili linalofika GB 4, na sisi tunatengeneza faili moja la GB 500, yaani picha ya diski nzima. Kwanza jua nani ni nani:

lsblk -o NAME,SIZE,MODEL

Soma ukubwa na modeli kwa sauti ikibidi. Majina sda na sdb yanaweza kubadilishana kila unapowasha, usiyaamini kwa mazoea. Tuseme mbovu ni sda na ya nje ni sdb:

mount /dev/sdb1 /mnt
ddrescue -n /dev/sda /mnt/mwalimu.img /mnt/mwalimu.map

ddrescue ina akili ya mchumaji wa maharage: inachukua kwanza yaliyo rahisi, penye ugumu inaruka, inaweka alama, itarudi. Alama hizo ndizo faili la .map. Ukimaliza mzunguko wa kwanza, unarudi kukwangua yaliyobaki, mara tatu tatu:

ddrescue -d -r3 /dev/sda /mnt/mwalimu.img /mnt/mwalimu.map

Tazama vizuri: ramani iko kwenye diski ya nje, pamoja na picha. Mwaka fulani niliiacha ndani ya mfumo wa flashi wenyewe, ambao unaishi kwenye RAM, kumbukumbu inayofutika kompyuta ikizimika. Umeme ulikatika usiku, betri ya mteja ilikuwa ya mapambo, na saa sita za kazi zikaondoka na ramani yake. Ramani ikiwa salama, umeme ukirudi unaandika amri ileile na kazi inaendelea ilipoishia. Usiku wa mama mwalimu umeme ulikatika mara mbili. Asubuhi nilikuta asilimia 99.97, nikanywa chai.

Baada ya hapo diski mbovu haiguswi tena. Unafungua ile picha kwa kusoma tu:

losetup -rP -f --show /mnt/mwalimu.img

Itakujibu jina, mara nyingi /dev/loop1 au namba nyingine. Andika lsblk tena, tafuta kipande kikubwa, kisha ukifungue kwa mount -o ro kwenye folda nyingine. Ikigoma na kutaja BitLocker, kufuli la Windows la kuficha diski, mwenye kompyuta anahitaji ufunguo wa tarakimu 48, ambao kwa kawaida uko kwenye akaunti yake ya Microsoft. Bila huo hakuna fundi, hata akuape kwa mama yake.

Kubadilisha chuma chenyewe ni kazi ndogo. Zima kabisa, chomoa chaja, toa betri au chomoa waya wake ukishafungua kava, kisha shikilia kitufe cha kuwashia sekunde kumi na tano. Skurubu hazilingani urefu. Ndefu ukiitia pa fupi inaweza kutoboa juu, karibu na kibodi. Mimi nachora tumbo la kompyuta kwenye kipande cha katoni, natoboa matundu, na kila skurubu inalala kwenye tundu lake. Angalia chini ya vimiguu vya mpira pia, kuna zinazojificha huko. Kava linabanuliwa kwa kadi ya plastiki, si kwa turnavisi. Diski inachomolewa kwa kuvutwa mlalo. Ile fremu ya chuma inayoishika usiitupe, diski mpya itavaa hiyohiyo.

Mpya nunua SSD, diski isiyo na sahani za kuzunguka, ya inchi 2.5, yenye kiunganishi cha SATA, unene wa milimita 7. Kama kompyuta ina mlango wa M.2, ule mwembamba wa SSD ndogo kama kijiti, uliza kwanza kama unazungumza SATA au NVMe, maana SSD inaweza kuingia vizuri na isionekane. SSD za bandia zipo mjini. Nyepesi zote ni nyepesi, hivyo uzito hautakusaidia. Iunganishe kwa USB kwenye kompyuta nyingine, ijaze kwa programu ya H2testw mpaka mwisho na uisome. Inayodai GB 480 huku inakumbuka 32 itaumbuka, na muuzaji bado hajakusahau.

Windows napiga upya badala ya kumwaga ile picha kwenye SSD. Diski iliyopoteza sehemu hujui imepoteza zipi, na mfumo wenye matundu utakurudishia mteja Jumatatu. Pia GB 500 haziingii kwenye SSD ya 480. Flashi ya GB 8 inatosha, itengenezwe kwa programu ya Microsoft yenyewe. Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Mashini yake ilikuwa na TPM 2.0, chipu ya usalama inayodaiwa na Windows 11, na prosesa inayokubalika, nikaweka 11. Ukiulizwa ufunguo, bonyeza "Je n'ai pas de clé de produit" (sina ufunguo), chagua toleo lilelile lililokuwapo. Kompyuta zilizotoka kiwandani na Windows 10 na kuendelea huwa na ufunguo kwenye chipu ya ubao, zikipata intaneti zinajiwasha leseni zenyewe. Wi-Fi isipoonekana, chomeka simu kwa waya na ugawe intaneti kwa USB.

Kibodi! Tazama vitufe, usitazame mwenyewe. Vikiwa AZERTY na wewe umeacha QWERTY, neno la siri lenye "a" litaandikwa "q". Mteja atafika nyumbani, atarekebisha kibodi, na kesho atakupigia kwamba umemfungia nje.

Mafaili yakisharudi, yafungue moja moja yale ya maana, mbele ya mwenyewe. Penye tundu ddrescue imeacha sifuri tupu: jina lipo, ukubwa uleule, ndani hakuna kitu. Tulifungua pamoja mama mwalimu na mimi. La nne likakataa: alama za darasa la tano, muhula wa pili. Alinyamaza kidogo, kisha akachukua simu, akampigia prefe, mkuu wa shule yake.

"Prefe, habari za mchana. Ile Excel niliyokutumia WhatsApp mwezi wa tatu, hujaifuta?"

Hakuwa ameifuta. Diski mbovu nilimrudishia mkononi, nimeiandika MBOVU kwa kalamu nyeupe. Akaifunga kwenye kitenge kilekile.