Kuingia kazi ya wanyamapori Uganda: masomo, milango na ujuzi wa porini

Kupenda wanyama ni sababu nzuri ya kuanza, lakini jua mapema kwamba sehemu kubwa ya siku zako utakuwa na watu, daftari na matope. Anayeandika vizuri, anayetembea bila kulalamika na anayeweza kukaa chini na mkulima mwenye hasira atafika mbali kuliko anayejua majina mengi ya wanyama. Usiisome hiyo kama onyo. Hayo matatu hufundishika, na unaweza kuyaanza ukiwa bado shuleni.

Chagua mlango kabla ya kuchagua chuo

Wengi hukosea hapa. Mtu husema "nataka uhifadhi", anachukua kozi yoyote yenye neno mazingira, kisha akimaliza anagundua kwamba kazi aliyoiota inadai cheti kingine kabisa. Uhifadhi una milango kadhaa, na kila mmoja una ufunguo wake.

Mlango mkubwa ni Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda, UWA, iliyoundwa mwaka 1996 na inayosimamia hifadhi za taifa 10, kuanzia Kidepo hadi Mgahinga. Askari wa hifadhi huko hufanya doria, huondoa mitego, hulinda watalii na hufukuza tembo mashambani usiku. Juu yao kuna maofisa wa ulinzi wa sheria, wa utafiti na ufuatiliaji, wa utalii na wa jamii. Ukitaka kuanza kama askari, elimu ya sekondari, afya na nidhamu ndivyo vitu vya kwanza. Ukitaka kuingia kama ofisa, tafuta stashahada au shahada.

Chuo kilichojengwa mahsusi kwa kazi hii ni Taasisi ya Utafiti na Mafunzo ya Wanyamapori iliyoko Katwe, wilaya ya Kasese, ndani ya Hifadhi ya Queen Elizabeth. Hutoa cheti na stashahada. Faida yake ni kwamba porini ndipo darasani. Chuo cha Misitu cha Nyabyeya, karibu na msitu wa Budongo kule Masindi, humfaa anayevutwa na misitu zaidi ya savana.

Daktari wa wanyamapori hupitia shahada ya udaktari wa mifugo, ambayo Chuo Kikuu cha Makerere ni ya miaka 5, kisha husajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo. Tazamia miaka ya ng'ombe, mbuzi, kuku na mbwa kabla ya kumgusa nyati; ni msingi unaohitajika. Gladys Kalema-Zikusoka, daktari wa kwanza wa wanyamapori wa UWA, alianza mwaka 1996, na kati ya kazi zake za mwanzo ilikuwa upele uliowashambulia sokwe wa milimani (gorila) wa msitu wa Bwindi na ambao chanzo chake kilihusishwa na watu wanaoishi kandokando ya msitu. Kutokana na hilo alijenga hoja kwamba afya ya sokwe hulindwa kwa kulinda afya ya jirani yake, na mwaka 2003 alianzisha shirika la Conservation Through Public Health. Makerere pia wana shahada ya afya na usimamizi wa wanyamapori kwa asiyetaka udaktari kamili.

Mtafiti hupitia zoolojia, botania au sayansi ya mazingira. Vituo vya kujifunzia vipo: Kanyawara ndani ya hifadhi ya Kibale kuna kituo cha Makerere, Ruhija huko Bwindi kuna taasisi ya Chuo Kikuu cha Mbarara, na Budongo kuna kituo cha utafiti wa sokwe mtu (chimpanzi) kilichoanza mwaka 1990.

Kuna pia kutunza wanyama waliookolewa: kituo cha elimu ya wanyamapori Entebbe, kisiwa cha Ngamba kinachohifadhi sokwe mtu yatima tangu 1998, na hifadhi ya vifaru iitwayo Ziwa kule Nakasongola, ambako vifaru walianza kurudishwa mwaka 2005 baada ya kutoweka nchini mapema miaka ya 1980. Kazi ya mtunzaji ni kusafisha, kupima chakula, kuandika kilicholiwa na kilichobaki. Mwongoza watalii naye yuko kwenye uhifadhi, na kwa kijana wa kijijini asiye na karo huu ndio mlango wa karibu zaidi: darubini ya 8x42, masikio makini na nchi yenye aina zaidi ya 1,000 za ndege.

Masomo ya S5 (kidato cha tano)

Kama hujajua mlango, chukua baiolojia na kemia, kisha ongeza jiografia, fizikia au hesabu. Ukiacha kemia umejifungia udaktari wa mifugo. Ukiacha baiolojia umejifungia karibu milango yote ya sayansi. Stashahada nyingi nchini hukubali ufaulu mkuu mmoja na ufaulu mdogo wa masomo mawili, lakini soma tangazo la mwaka wenyewe, kwa sababu kila chuo hutaja masomo yake ya lazima.

Daftari, ramani na kamera

Hapa ndipo waombaji hutofautiana. Vyeti vinafanana, ujuzi wa porini haufanani.

Anza na daftari. Tumia penseli, kwa kuwa wino huyeyuka mvua ikinyesha, na misitu ya magharibi hainyimi mvua. Kila ukurasa uwe na tarehe, saa ya kuanza, saa ya kumaliza, hali ya hewa na majina ya mliokuwa nao. Andika ulichokiona, kisha, kando yake, unachodhani. "Kinyesi kibichi cha tembo, nyayo 3 za ukubwa tofauti" ni taarifa. "Familia ya tembo ilipita" ni tafsiri. Ukivichanganya, atakayesoma mwaka ujao hatajua aamini nini. Pia andika siku ambazo hukuona kitu: doria ya kilomita 8 bila mtego hata mmoja ni matokeo.

GPS huangusha hata wazoefu. Uganda inakatwa na ikweta na pia na mstari wa nyuzi 30 mashariki, kwa hiyo nchi iko katika kanda nne za UTM, mfumo unaoigawa ramani ya dunia kwa kanda: 35 na 36, kaskazini na kusini. Queen Elizabeth inakatwa na mistari yote miwili, na doria moja inaweza kuvuka kanda bila mtu kujua. Ukinakili namba bila kanda, alama yako inaweza kuangukia mamia ya kilomita mbali. Kwenye kifaa weka mfumo wa vipimo wa WGS84, tumia nyuzi za desimali zenye tarakimu 5 baada ya nukta, na usisahau alama ya kutoa ukiwa kusini ya ikweta. Mweya, ndani ya Queen Elizabeth, iko nyuzi 0.19 hivi kusini. Ukiisahau alama hiyo, ripoti itaipeleka kilomita 40 kaskazini, kwenye vilima vya Rwenzori.

Ukihesabu wanyama kwa kutembea mstari msituni, nenda pole, kama kilomita 1 kwa saa. Ukiona nyani au mbega, pima umbali wa pembemraba kutoka mstarini hadi pale mnyama alipoonekana mara ya kwanza. Kosa la kawaida ni kupima hadi alikokimbilia. Ukifanya hivyo hesabu nzima huonyesha wanyama wachache kuliko waliopo.

Kamera ya mtego, ile inayojipiga picha kitu kikipita mbele yake, ifungwe kwenye mti usioyumba, sentimita 40 hadi 50 kutoka ardhini kwa wanyama wa kati, mita 2 hadi 3 kutoka njiani, ikiitazama njia kwa mshazari. Ielekee kaskazini au kusini. Ikitazama mashariki au magharibi, jua la asubuhi au jioni litaiwasha na kuharibu picha. Kata majani yote ya mbele kwa mita 3 au 4, maana jani moja linalopeperuka hujaza kadi kwa siku chache. Futa kadi ndani ya kamera yenyewe, hakikisha tarehe na saa, tumia betri za aina moja zote mpya, kisha pita mbele yake umeshika karatasi yenye namba ya kituo. Tarehe isiyo sahihi ndiyo hasara kubwa kuliko zote: picha za miezi miwili zinabaki bila kazi.

Mitego ya tanzi hutegwa kwa waya, mara nyingi uliochunwa kwenye matairi ya zamani, au kwa kamba ya nailoni. Ukiwa na askari na mkakuta mmoja, simameni, kwa sababu huwekwa kwa mstari na mwingine huenda uko hatua kumi mbele. Piga picha, chukua alama ya GPS, andika aina, kata, na ondoka na waya wote. Waya ulioachwa kichakani hutegwa tena kesho. Hifadhi ya Murchison Falls kuna mitego ya chuma yenye meno inayotengenezwa kwa springi za magari. Hiyo usiiguse, mwachie aliyefundishwa.

Mwili na magonjwa

Kabla ya kwenda porini, hakikisha chanjo ya pepopunda, homa ya manjano, homa ya ini na kichaa cha mbwa. Anayekaribia sokwe apimwe pia kifua kikuu. Sokwe huambukizwa mafua yetu, ndiyo maana Bwindi watu huvaa barakoa, hukaa mita 10, wageni hawazidi 8 kwa kundi na hawapiti saa moja. Mfanyakazi anayekohoa abaki nyumbani, hata kama siku hiyo ni zamu yake. Kuficha kikohozi ni kosa zito kuliko kukosa kazini. Haja kubwa msituni huzikwa kwenye shimo la sentimita 30.

Mzoga usioeleweka usiuguse. Mwaka 2004 kimeta kiliua viboko wengi Queen Elizabeth, na vimelea vyake hudumu udongoni miaka mingi. Usiingie pango la popo bila mavazi maalumu: mwaka 2008 mtalii wa Kiholanzi alifariki kwa homa ya Marburg baada ya kuingia pango lililoko msitu wa Maramagambo. Murchison usivae bluu wala nyeusi, rangi zinazowavuta mbung'o.

Watu wa kandokando

Tembo akila shamba usiku, wa kwanza kulaumiwa ni wewe mwenye sare. Nenda asubuhi hiyo hiyo. Mwite mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) awe shahidi, zunguka eneo lililoharibiwa na GPS, hesabu mashina yaliyovunjwa, piga picha nyayo na kinyesi, kisha msomee mkulima ulichoandika kabla hajaweka sahihi. Sheria ya Wanyamapori ya 2019 iliweka utaratibu wa fidia, lakini dai lisilo na ushahidi wa mapema huanguka, na nyayo hufutika kwa mvua ya siku moja. Usiahidi kiasi cha pesa.

Jifunze lugha ya ulipo: Lukonzo Kasese, Rukiga Bwindi, Kikaramojong Kidepo. Kiswahili nacho kitakusaidia mpakani na Kongo na unapofanya kazi na askari wa jeshi na polisi.

Kuomba nafasi

Ukitaka mafunzo ya vitendo, andika miezi 4 au 5 kabla. Barua iwe ukurasa mmoja: unasoma nini, unataka wiki ngapi, unaweza kufanya nini tayari, na barua ya chuo iambatane. Kwa utafiti, angalia ardhi ni ya nani. Budongo ni hifadhi ya misitu chini ya Mamlaka ya Taifa ya Misitu, lakini wanyama wake wako chini ya UWA; wanafunzi wanaoomba ofisi moja tu hujikuta wakizuiwa wiki ya kwanza.

Kwa nafasi za askari, subiri tangazo rasmi na uombe kwa njia iliyotajwa humo. Anayedai pesa ili akupitishie jina ni tapeli, hata akiwa na sare. Wakati unasubiri, kimbia mara tatu kwa wiki, anza kilomita 5 hadi 10, na mara moja kwa wiki tembea saa tatu na mzigo wa kilo 15. Vizoeze viatu vipya miguuni taratibu kabla ya usaili, kwa sababu malengelenge huwatoa watu wenye mapafu mazuri. Beba vyeti halisi na nakala, kitambulisho cha taifa na barua ya LC1, vyote ndani ya mfuko wa plastiki.