Saa ya GPS kwa mkimbiaji wa Lamu: kuichagua, kuipanga na kujua inapodanganya

Mara ya kwanza nilipofungua ramani ya mbio zangu kwenye simu, nilijikuta nimekimbia juu ya maji. Mstari mwekundu ulitoka nyumbani kwangu Mkomani, ukapenya kuta za majirani watatu, ukaingia mkondo wa baina ya Lamu na Manda, kisha ukarudi nchi kavu karibu na Shela. Mke wangu akaniuliza nauli ya mashua nimelipa shilingi ngapi. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiichunguza saa hii kama mtu anavyomchunguza shahidi aliyekwisha kumshika uongo mara moja, na wenzangu wa mbio za alfajiri wameniomba niyaandike niliyoyapata. Haya basi.

Kwanza ujue kinachoendelea mkononi mwako. Setilaiti za GPS (mfumo wa Marekani wa kuonyesha mahali ulipo) ziko kama kilomita 20,200 juu, na kazi yao kubwa ni kutangaza saa. Saa yako husikia tangazo hilo, hupima limechelewa kiasi gani njiani, na kwa kuchelewa huko hukadiria umbali. Ikizisikia setilaiti nne au zaidi, hupata mahali ulipo. Mawimbi hayo huenda kwa kasi ya mwanga, takriban kilomita 300,000 kwa sekunde, kwa hiyo kosa la sehemu moja ya milioni ya sekunde ni mita 300.

Sasa simama kwenye kichochoro cha Langoni wakati wa adhana. Sauti inakujia imegonga ukuta huu na ule, na kama u mgeni huwezi kuapa imetoka msikiti upi. Mawimbi ya setilaiti nayo hufanya vivyo hivyo kwenye kuta zetu za matumbawe na chokaa. Hugonga, hurudi, hufika yamechelewa, na saa hudhani uko mbali zaidi ya ulipo. Tena mbingu unayoiona pale ni ukanda mwembamba kama upana wa mkeka. Ndiyo maana nyumba tatu zilipenywa.

Hatua ya 1: Ijue njia yako kabla ya kuijua saa

Ukikimbia kando ya bahari kuelekea Shela, kisha ukaendelea na ule ufuo wa karibu kilomita 12, una mbingu nzima. Saa yoyote yenye GPS ya kweli itakutosha. Wenzetu wa Malindi wanaokimbia barabara pana za Casuarina au ya kwenda Gede nao hawana shida; mivinje na miembe haizuii kama ukuta wa ghorofa mbili. Lakini kama mazoezi yako ni ndani ya mji wa kale, kwenye Usita wa Mui na vichochoro vyake, hakuna saa itakayokupa hesabu safi. Mimi sioni maana ya mtu kutoa pesa maradufu ili saa ikosee kidogo kichochoroni. Tembea dakika tano hadi ukingoni mwa bahari, uanzie pale.

Hatua ya 2: Hakikisha GPS imo ndani ya saa yenyewe

Hapa ndipo nilipoliwa. Nilinunua saa Mombasa, imeandikwa GPS kwenye kasha, inang'aa kama sarafu mpya. Kumbe ilikuwa ikiazima GPS ya simu. Simu ikibaki nyumbani, saa inahesabu hatua na kubahatisha umbali tu. Saa za namna hii zimejaa madukani, na muuzaji mara nyingine hata yeye hajui.

Dawa ni jaribio moja: zima blututhi, iache simu dukani, tembea nje mahali pa wazi robo saa huku saa ikirekodi mbio, halafu rudi uunganishe. Ukiona ramani ya ulikopita, GPS imo. Ukiona umbali bila mstari, mrudishie saa yake na umshukuru.

Hatua ya 3: Masafa moja au mawili?

Masafa ninayosema hapa si umbali, ni kama stesheni ya redio. Saa za kawaida husikiliza mawimbi ya masafa moja. Za ghali zaidi husikiliza masafa mawili, na kwa kulinganisha huweza kutambua mwangwi wa ukutani. Coros Pace 3 na Garmin Forerunner 255 zina uwezo huo. Garmin Forerunner 55 na 165 hazina. Karibu zote siku hizi husikiliza pia setilaiti za Urusi, Ulaya na China pamoja na zile za Marekani, na hilo peke yake ni msaada mkubwa. Kwa mkimbiaji wa ufukweni, masafa moja yanatosha. Mwenye pesa na anunue mawili, lakini ajue yanakula betri zaidi.

(Sisi watu wa pwani tusijione wageni wa mambo haya. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco baharini hapo Ngomeni, kaskazini ya Malindi, ilirushwa setilaiti iliyopewa jina la Uhuru. Haikuwa ya GPS. Ilikwenda kutazama miali ya eksirei kutoka kwenye nyota. Lakini ilipaa kutoka kwetu.)

Hatua ya 4: Vitufe, kamba, uzito

Chagua yenye vitufe vya kubonyeza. Kidole chenye jasho na chumvi hakielewani na skrini ya kugusa. Kamba ya mpira ni rahisi kuosha, ya kitambaa ni nyepesi. Basi.

Hatua ya 5: Ipange kabla ya kutoka

Weka umri na uzito wako wa kweli, hakuna anayekutazama. Kama saa inakupa nafasi ya kuchagua, ifanye irekodi kila sekunde. Zima ule utaratibu wa kusimama yenyewe unapopunguza mwendo. Hapa kwetu kila punda anayekukata njia ataipa saa sababu ya kusimama na kuanza upya, na hesabu itajaa viraka. Mzunguko, yaani kipande cha mbio ambacho saa hukihesabu peke yake, uwe kilomita moja, saa iukate yenyewe na itetemeke.

Kwenye skrini weka vitu vitatu tu: wastani wa mwendo wa mzunguko huu, mapigo ya moyo, na muda. Usiweke mwendo wa papo hapo. Ule hurukaruka, mara dakika 4 na sekunde 40 kwa kilomita, mara 6 na 10, na wewe hujabadili hata pumzi. Niliwahi kumwona kijana pale ufukweni akiongeza na kupunguza mbio kila hatua ishirini kwa kuufuata. Kilomita ya tatu alikuwa amekaa chini.

Hatua ya 6: Ngoja

Simama mahali pa wazi, ukingoni mwa bahari, wala si chini ya mkungu pale Mkunguni. Fungua sehemu ya mbio, ngoja saa ikupe ishara kwamba imepata, kisha ngoja dakika moja zaidi ndipo ubonyeze. Kama uliiunganisha na simu usiku, huwa imekwisha kupakua ratiba ya setilaiti na itapata upesi. Kama hukuiunganisha kwa siku nyingi, italazimika kuipokea ratiba hiyo kutoka angani polepole, na hapo ndipo watu hukosa subira, huanza mbio, kisha hulalamika kwamba nusu kilomita ya kwanza imepotea.

Hatua ya 7: Isome ukiwa mbioni

Saa haijui mchanga. Haijui upepo wala maji. Mwendo wa dakika 5 na nusu kwenye sakafu ya ukingoni si sawa na dakika 5 na nusu kwenye mchanga tifutifu wa Shela, na kusi ikikupiga usoni mwezi wa Julai utashangaa kuona mwendo wako umeshuka na jitihada imepanda. Siku kama hizo acha kutazama mwendo, tazama mapigo ya moyo. Mapigo yakiwa yale yale ya siku tulivu, kazi uliyofanya ni ile ile hata kama kilomita zimepungua.

Lakini mapigo nayo yana uongo wake. Mwanga wa kijani chini ya saa husoma damu inavyopita kwenye ngozi. Kamba ikilegea, saa huanza kufuata mtikisiko wa mkono na kuhesabu nyayo zako. Ukiona mapigo 172 na wewe unapiga soga na mwenzako bila kutweta, hizo ni hatua. Vuta saa juu ya mfupa wa kifundo, upana wa vidole viwili, ikaze kiasi cha kutoteleza. Kwa mazoezi ya kukimbia kasi na kupumzika, mkanda wa kifuani ni sahihi zaidi.

Viwango vya mapigo ambavyo saa imekupangia usiviamini moja kwa moja. Mara nyingi vimetokana na hesabu ya kukisia mapigo yako ya juu kabisa, 220 kutoa umri, ambayo inaweza kukukosea kwa mapigo kumi au zaidi. Mimi nilipanda mbio vilima vya mchanga vya Shela mara tano siku ya baridi, baada ya kupasha mwili moto vizuri, nikaandika namba kubwa niliyoiona nikiwa nimevaa mkanda. Mwenye presha au ugonjwa wa moyo asijaribu bila daktari. Na usivifanye vilima hivyo kiwanja cha kila siku, ndivyo vinavyotuhifadhia maji matamu ya visima.

Tena ufuo una saa yake. Maji yakipwa mchanga ni mgumu kama lami. Yakijaa, hasa ya bamvua, unabaki na ule laini wa juu tu, na ukiwa kilomita nane toka Shela hakuna bodaboda ya kukurudisha. Tazama jedwali la maji kwanza.

Hatua ya 8: Ukirudi

Suuza saa kwa maji matamu, kausha vichomeo vya chaji kabla ya kuichomeka. Chumvi imeua saa nyingi kuliko mawe.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, nilikimbia nusu marathoni, saa ikasema kilomita 21.4. Waandaaji walikosea kupima?*

Pengine hapana, ndugu yangu. Njia za mashindano yanayotambuliwa hupimwa kwa baiskeli yenye kihesabio gurudumuni, ikifuata mstari mfupi kabisa unaowezekana, tena huongezwa mita moja kwa kila kilomita ili njia isije ikawa fupi. Wewe ulipinda nje kwenye kona, ukawapita watu kwa pembeni, na GPS nayo ikaongeza vijimita vyake. Jambo la kukumbuka ni hili: kama saa ilikuonyesha dakika 5 kwa kilomita na ikahesabu 21.4, ulimaliza kwa saa 1 na dakika 47. Ukigawanya kwa 21.0975 ya kweli, mwendo wako ulikuwa dakika 5 na sekunde 4. Anayelenga muda fulani na auzime ule mzunguko wa kujikata wenyewe, abonyeze kitufe kwa mkono kwenye kila kibao cha kilomita.

*Natawadha na saa mkononi, yasemekana haiingii maji. Kuna tatizo?*

Kwa saa, hakuna. Kwa udhu, maji lazima yafike kwenye ngozi iliyo chini yake, kwa hiyo ilegeze au ivue. Na ngozi yako itakushukuru. Jasho linalolala chini ya kamba ndilo linaloleta vipele.

*Shikamoo. Mimi ni dada, nakimbia peke yangu saa kumi na moja na nusu alfajiri. Rafiki kaniambia Strava, ile programu ya kuhifadhi na kuonyeshana mbio, inaonyesha nyumba yangu.*

Marahaba, mwanangu. Rafiki yako kasema kweli. Ukiacha mpangilio wazi, mtu anayetazama mbio zako tatu ataona zote zinaanzia mlango mmoja, tena saa ile ile. Ingia kwenye mipangilio ya faragha, ficha mwanzo na mwisho wa njia, na mbio zako zionekane na unaowakubali tu. Hata majeshi yalinaswa: Januari 2018 watu waligundua kwamba ramani ya pamoja ya Strava ilikuwa ikichora njia za askari waliokuwa wakikimbia ndani ya kambi zao. Pakia mbio zako mchana, si ungali njiani.

*Ramadhani nitumieje saa?*

Kimbia polepole kama dakika 40 kabla ya magharibi, ili ufike nyumbani maji yako mezani. Mwili mkavu hupandisha mapigo, kwa hiyo mwendo wako wa kawaida utaonekana kama mbio za mashindano. Fuata mapigo, sahau mwendo. Na ule ujumbe wa saa kwamba siha yako imeshuka, upuuze hadi baada ya Idi.

*Sikubaliani nawe kuhusu vichochoro, ami. Mimi nina saa ya masafa mawili na mstari wangu umenyooka.*

Nafurahi kwa ajili yako. Lakini mstari mzuri si umbali sahihi. Chukua futi ya fundi ya mita 50, pima mita 400 pale ukingoni, ukimbie mara nane, kisha pima mita 400 nyingine ndani ya mji ufanye vivyo hivyo. Mimi nilipofanya, ukingoni namba zilikaa karibu karibu. Ndani ya mji zilitawanyika kama kuku. Ukipata matokeo tofauti na yangu, nitakuja kuiazima hiyo saa yako.

*Mimi ni mvuvi, nina GPS ya mkononi ya mashuani. Siwezi kukimbia nayo hiyo hiyo?*

Unaweza, nahodha, na huenda ikakuonyesha mahali vizuri kuliko saa, kwa sababu antena yake ni kubwa. Ila haitasoma moyo wako, na itakupa kasi kwa noti. Noti moja ni kilomita 1.852 kwa saa, kwa hiyo mwendo wa dakika 6 kwa kilomita ni noti 5.4. Ukishika noti sita hadi Shela, utuambie, wengine tunaifikia tukiwa na tanga tu.