Somo: Kuandaa na kuhudhuria mkutano wa masoko ya mtandaoni usiopotezea watu siku

Wanachama wenzangu, somo hili nimelidaiwa muda mrefu.

Kilichonifundisha zaidi ni mkutano niliouandaa mwenyewe ukaharibika. Ukumbi ulijaa na vyombo vilisikika vizuri. Lakini kati ya watoa mada sita, wanne walikuwa wametumwa na wadhamini, na kila mmoja alitandaza grafu inayopanda bila namba hata moja pembeni yake. Kufika adhuhuri watu walikuwa wamehamia kwenye ngazi za nje. Huko ndiko nilikomkuta mama mmoja akiwaeleza wenzake jinsi alivyohamisha tovuti ya kazini bila kuelekeza kurasa za zamani kwenye mpya, na wageni waliokuwa wakitoka Google wakakatika. Watu zaidi ya kumi walikuwa wamemzunguka, wanaandika. Yule ndiye aliyestahili jukwaa.

Tangu siku hiyo nashika jambo moja: mkutano wa fani yetu una thamani pale mtu anapoonyesha kazi aliyoifanya kwa mikono yake, na namba zake, pamoja na pale ilipomshinda. Hatua zote hapa chini zimetoka kwenye ngazi zile.

Hatua ya 1: Tafuta swali kabla ya kutafuta mzungumzaji

"Mustakabali wa masoko ya kidijitali" si swali. Swali ni kama hili: tangu Aprili 2021, Apple ilipoanza kuzitaka programu za iPhone ziombe ruhusa kabla ya kumfuatilia mtumiaji, duka dogo linalotegemea matangazo ya Facebook linapimaje mauzo yake? Anayeendesha matangazo anajua papo hapo kwamba linamhusu. Anayeandika makala za tovuti anajua halimhusu, anabaki na kazi zake. Swali likishakaa sawa, hata ukurasa wa usajili hautakusumbua kuuandika.

Hatua ya 2: Chukua umbo dogo kuliko unavyotamani

BrightonSEO, mkutano wa watu wanaofanya tovuti zionekane kwenye Google, ambao leo huwakusanya maelfu ya watu nchini Uingereza, ulianza kama kikao kidogo katika chumba cha juu cha baa. Anza na watu 30 wanaofanya kazi inayofanana. Weka mada mbili fupi, halafu meza za watu sita hadi wanane, kila meza na tatizo moja la kweli lililoletwa na mmoja wao.

Mada zikikurefukia, tumia utaratibu wa PechaKucha uliozaliwa Tokyo mwaka 2003: slaidi 20, kila moja sekunde 20, zinajisogeza zenyewe. Dakika 6 na sekunde 40, umemaliza. Mtu aliyebanwa namna hiyo hapati nafasi ya kusimulia historia ya kampuni yake.

Hatua ya 3: Kaa na watoa mada mapema

Hapa ndipo mikutano mingi hufia, kwa hiyo nitakawia kidogo. Mwalike mtu kwa kazi yake uliyoiona, si kwa idadi ya wafuasi wake. Mwambie tangu barua ya kwanza kwamba unataka aonyeshe hali ilivyokuwa kabla, alichokibadilisha, muda uliopita, gharama, na kitu kimoja kilichogoma. Akisema mteja hamruhusu kutaja namba, mwombe atumie asilimia au afiche jina la mteja. Akisema hana kilichogoma, mtafute mwingine. Sijawahi kukutana na mtu wa kazi hii ambaye kampeni zake zote zilifaulu.

Slaidi zikufikie wiki moja kabla, na uzisome. Ukikuta tatu za mwisho ni bei za huduma zake, zirudishe. Ni aibu ya dakika tano kwenye simu, na inawaokoa watu 30.

Kwa upande wa meza, tangaza mwanzoni kanuni ya Chatham House, taasisi ya London iliyoitunga mwaka 1927: unaruhusiwa kuyatumia uliyoyasikia, ila usimtaje aliyesema wala kampuni yake. Bila hiyo hakuna atakayekiri kwamba alichoma bajeti ya mwezi mzima kwa kulenga nchi isiyo yake.

Hatua ya 4: Wadhamini na orodha ya majina

Mdhamini apewe meza, nembo yake kwenye tangazo, na shukrani wakati wa kufungua. Jukwaa haliuzwi. Majina na barua pepe za waliojisajili nazo haziuzwi: kama una watu wa Umoja wa Ulaya, GDPR, sheria ya umoja huo ya kulinda taarifa binafsi inayotumika tangu 25 Mei 2018, inakubana, na hata pasipo sheria, aliyekupa anwani yake alikupa wewe. Weka kisanduku cha ridhaa kisichotiwa alama tayari, kisha uheshimu jibu.

Hatua ya 5: Tangaza kama mtu wa fani

Inasikitisha kuona watu wa masoko wakitangaza mkutano wao bila kupima. Kila kiungo kipe alama zake za UTM, yaani maneno yanayoongezwa mwishoni mwa kiungo kuonyesha mgeni alikotoka, ujue waliojisajili wametoka kwenye barua pepe, WhatsApp au LinkedIn. Kumbusha wiki moja kabla, siku moja kabla, na asubuhi yenyewe.

Hatua ya 6: Siku yenyewe

Jaribu projekta kwa kompyuta ileile itakayotumika. Mpe mtu mmoja kazi ya kutunza muda na mamlaka ya kumkatisha yeyote, hata wewe.

Hatua ya 7: Kama wewe ndiye mhudhuriaji

Andika swali moja kabla ya kutoka nyumbani, na ubebe kitu kimoja cha kuonyesha: picha ya ripoti, tangazo lililofanya vibaya, ukurasa usiouza. Mtu anayefungua simu yake na kusema "hebu tazama hapa" hupata msaada haraka kuliko anayegawa kadi za biashara.

Harrison Owen, Mmarekani aliyebuni mikutano ya nafasi huria (wahudhuriaji wenyewe hupanga ratiba papo hapo) miaka ya 1980, aliacha sheria ya miguu miwili: kama hapo ulipo hujifunzi wala huchangii, miguu yako ikupeleke kwingine. Itumie bila kuona haya, ila toka kimyakimya. Ndani ya siku mbili, waandikie watu wawili au watatu mliozungumza vizuri, ukitaja jambo lenyewe mlilozungumza. Kisha chagua kitu kimoja cha kujaribu kazini. Daftari lenye mambo 40 halijaribiwi.

Maswali ya wanachama

*Mkutano uwe wa bure au wa kulipia? Wa bure watu wanajisajili hawaji.*

Toza amana ndogo, na umrudishie anayefika. Asiyeweza amana mpe nafasi bila maelezo mengi. Na utoe njia rahisi ya kujiondoa, maana wengi wasiofika wangekuambia kama kungekuwa na kitufe.

*Nina haya. Mapumziko yakifika nasimama ukutani na simu.*

Fika mapema, wakati kuna watu watano tu. Ni rahisi kuliko kuingia kwenye mduara uliokwisha kujifunga. Uliza "umekuja na swali gani?" Au omba kusaidia mezani pa usajili: kila mtu atakuja kwako, nawe utakuwa na neno la kumwambia.

*Bosi anasema haya ni matembezi.*

Mpe ukurasa mmoja kabla ya kwenda: swali gani, nani atalijibu, utabadilisha nini ukirudi. Kabla Universal Analytics, chombo cha Google cha kupima wageni wa tovuti, haijaacha kupokea takwimu mpya tarehe 1 Julai 2023, mwenzetu mmoja alirudi kutoka kwenye warsha na sentensi moja: tupakue takwimu za miaka iliyopita kabla hazijafungwa. Google ilipozifungia mwaka uliofuata, sisi tulikuwa nazo. Tangu hapo hakuna aliyeuliza warsha ilikuwa ya nini.

*Je, mtandaoni inawezekana?*

Inawezekana, ila usihamishe siku nzima kwenye skrini. Dakika 90 zinatosha. Mada irekodiwe na kutumwa mapema, muda wa pamoja uwe wa vyumba vya watu watano watano. Vyumba usivirekodi.

*Mtoa mada amejitoa usiku wa kuamkia mkutano. Nifanye nini?*

Fanya ukaguzi wa tovuti. Waliojitolea wanafungua kurasa zao kwenye projekta, wazoefu watatu wanazichambua, dakika kumi kwa kila moja, wakianza na kilicho sawa. Tovuti ya mteja isifunguliwe bila ruhusa yake. Ili usihangaike usiku huo, ongeza swali hili kwenye fomu ya usajili tangu leo: "Uko tayari tovuti yako ikaguliwe mbele ya wenzako?"