Jinsi ya kutengeneza seleniamu tetrakloraidi (SeCl4) bila kuiharibu kwa unyevu

Kama kemia ya sekondari bado iko kichwani utakumbuka ile ya kupitisha klorini kavu juu ya chuma kilichopashwa moto, kloraidi inapaa inaenda kuganda kwenye chupa baridi. SeCl4, yaani seleniamu iliyoungana na klorini nne, ni karibu hivohivo, ila fanya ndani ya fyum chemba (kabati la maabara la kuvuta gesi) inayovuta kweli, na uwe na msimamizi, manake klorini ni sumu na misombo ya seleniamu nayo ni sumu. Mtu aliyeingiwa na seleniamu pumzi yake hunuka kama kitunguu saumu, ukifika huko usiendelee na kazi, nenda hospitali.

Kazi yote iko kwenye ukavu. SeCl4 ikikutana na maji inavunjika, unabaki na asidi ya seleniasi na mvuke wa asidi ya hidrokloriki unaowasha pua, na kama uko Dar au Mombasa hewa yenyewe tu inatosha kukuharibia. Kwa hiyo klorini ipite kwanza kwenye asidi ya salfuriki kali, bomba la kioo ulipashe mpaka ule ukungu wa ndani uishe, halafu huku mwisho weka kalisiamu kloraidi ili unyevu usirudi nyuma, na gesi iliyobaki iishie kwenye sodiamu haidroksaidi.

Vipimo: gramu 10 za seleniamu zinataka klorini kama gramu 18, na mambo yakienda sawa unapata karibu gramu 28.

Sasa angalia rangi, usiangalie saa. Klorini ikianza kupita seleniamu inalowa inageuka kimiminika kizito cha kahawia nyekundu, wengi wakiona hivo wanadhani imeshakuwa, kumbe hiyo ni Se2Cl2 (seleniamu monokloraidi), klorini bado haijatosha. Endelea kupitisha, pasha polepole, kile kimiminika kinazidi kumeza klorini mpaka kinakuwa kigumu cheupe chenye umanjano kwa mbali, na hapo ndo yenyewe.

Kuisafisha ni rahisi maana haiyeyuki kwanza, kwenye 191°C hivi inaruka moja kwa moja kuwa mvuke na kuganda tena sehemu ya bomba iliyopoa, uchafu unabaki nyuma. Ila usifunge klorini wakati huo, manake ikishakuwa mvuke inaachana, SeCl2 huku na klorini kule, zikipoa ndo zinarudiana. Kwenye kigumu molekuli zinakaa nnenne, Se4Cl16, kaumbo kama mchemraba, kwa kweli ni kazuri kuchora.

Toa vipande kwenye kisanduku cha gesi kavu, weka kwenye ampuli (kichupa chembamba cha kioo) uzibe kwa moto. Ukiichanganya na seleniamu dioksaidi kavu unapata SeOCl2 (seleniamu oksikloraidi), hicho ni kimiminika kinachokula ngozi vibaya, kwa hiyo glovu zisitoke. Mabaki yaende kwenye chupa ya taka za seleniamu, sinki hapana.