Jinsi ya Kuchagua Pedali za Kunasa Kiatu kwa Baiskeli ya Barabarani

Mwendeshaji anayetaka kuachana na pedali bapa na kuanza kutumia pedali zinazonasa kiatu mara nyingi hukimbilia kulinganisha uzito na bei, ilhali jambo la kwanza kuamua ni viatu atakavyovaa na umbali atakaotembea akiwa amevivaa. Pedali hizi hushikana na kliti, yaani kipande kidogo cha plastiki au chuma kinachofungwa kwa skrubu chini ya soli, na idadi ya matundu yaliyo kwenye soli hiyo ndiyo inayoamua ni kliti gani itakayokaa.

Viatu vingi vya mbio za barabarani vina matundu 3. Mfumo huu ulipata umaarufu kupitia Look, kampuni ya Ufaransa iliyokuwa imebobea katika vibanio vya viatu vya kutelezea thelujini, hasa baada ya mwendesha baiskeli Mfaransa Bernard Hinault kushinda mbio za Tour de France za mwaka 1985 akitumia pedali zake. Kliti yake ni pana, kwa hiyo shinikizo huenea chini ya unyayo badala ya kujikusanya mahali pamoja, na faida hiyo huonekana katika safari za saa nyingi. Hata hivyo, kliti hiyo hutokeza nje ya soli, na anayetembea nayo juu ya vigae huteleza kwa urahisi, huku plastiki ikiendelea kulika kwa kila hatua anayopiga kwenye zege.

Mfumo wa SPD wenye matundu 2, ambao Shimano, kampuni ya Japani, iliutoa mwaka 1990 kwa ajili ya baiskeli za milimani, hutumia kliti ndogo ya chuma inayozama ndani ya soli, hivyo mtu hutembea karibu kama kawaida. Pedali zake nyingi hunasa pande zote mbili, tofauti na nyingi za matundu 3, ambazo hunasa upande mmoja tu na humlazimu mpandaji kutafuta upande huo kwa ncha ya kiatu kila anapoondoka kwenye taa za barabarani. Wapo wapenzi wa baiskeli za barabarani wanaoubeza mfumo huu, lakini kwa anayeanza, au anayesimama mara kwa mara njiani, naona ndio chaguo la busara zaidi, mradi soli ya kiatu iwe ngumu ya kutosha.

Tahadhari moja inahitajika dukani: kliti za Look Keo na za Shimano SPD-SL (mfumo wa barabarani wa Shimano, tofauti na SPD ya matundu 2) hufanana sana kwa macho, na zote hutumia matundu 3, lakini haziingiliani. Nunua kliti za mfumo uleule wa pedali.

Baada ya viatu, angalia ni kiasi gani kisigino kinaweza kucheza kushoto na kulia kabla kiatu hakijafyatuka. Katika SPD-SL, kliti nyekundu hairuhusu mchezo wowote, ya buluu huruhusu nyuzi 2 na ya njano nyuzi 6. Katika Look Keo, nyeusi ni 0, kijivu ni 4.5 na nyekundu ni 9, kwa hiyo rangi nyekundu ina maana zilizo kinyume kabisa katika mifumo hiyo miwili. Anayeanza na achague kliti yenye mchezo mwingi, kwa sababu kliti isiyocheza, ikifungwa kombo hata kidogo, hulilazimisha goti kufuata ukombo huo katika kila mzunguko.

Pedali nzuri kwa anayejifunza ni ile yenye skrubu ya kurekebisha ugumu wa springi. Ilegeze kabisa mwanzoni, kisha uegemee ukuta na urudie kuingiza na kutoa mguu: ncha ya kliti huingia kwanza, kisigino hukandamizwa hadi usikie mlio wa kunasa, na ili kutoka, kisigino husukumwa nje kwa upande. Unapokaribia kusimama barabarani, toa mguu mapema, baiskeli ingali inatembea.

Uzito wa pedali uje mwisho. Kwa wapandaji wengi, tofauti ya gramu chache haina maana kubwa, na baadhi ya pedali nyepesi zenye ekseli ya titani huwekewa kikomo cha uzito wa mpandaji, jambo la kuulizwa kabla ya kulipa. Ni afadhali fedha hizo ziende kwenye beringi imara.

Wakati wa kufunga, paka grisi kwenye nyuzi za skrubu za ekseli na ukumbuke kwamba pedali ya kushoto hukazwa kinyume na mwelekeo wa saa. Kliti nayo ifungwe ili sehemu pana ya unyayo, nyuma ya kidole gumba, iwe juu ya ekseli au mbele yake kidogo, kisha safari za kwanza ziwe fupi, ukiwa na ufunguo mfukoni wa kuisogeza iwapo goti litalalamika. Baadaye, kliti ikianza kufyatuka yenyewe unaposimama kupanda mlima, imekwisha; badilisha zote mbili kwa pamoja.