Bamia, kanga na mkeka: kazi za mikono zinazobeba somo

Nafundisha darasa la tatu huku Mbagala, Dar es Salaam, na darasani nina watoto 74. Haya nayaandika kwa ajili ya mwalimu mwenye darasa kama langu, na kwa mzazi anayekaa na mwanawe jioni, daftari liko wazi mbele yao na wote wawili wamechoka. Vifaa vya kazi hizi za mikono havitoki duka la sanaa. Vingi utavipata sokoni, kwa fundi cherehani, na kwenye maboksi ambayo wenye maduka wanayachana jioni.

Kanuni ninayoifuata ni moja: mtoto asiweze kumaliza kazi yake bila kulitumia somo. Akipaka ua rangi likapendeza, na bado saba mara tano inamshinda, hapo tumepamba ukuta tu. Ndiyo maana sianzi kwa kufikiria picha. Naanza na madaftari ninayosahihisha, naangalia wengi wamekwama wapi, halafu natafuta kazi ya mikono inayopita hapohapo walipokwama.

Gundi na rangi kwanza

Koroga vijiko sita vya chakula vya unga wa ngano kwenye nusu kikombe cha maji baridi mpaka mabonge yaishe. Mimina kwenye vikombe viwili vya maji yanayochemka, huku unakoroga, hadi iwe kama uji mzito. Ikipoa ni gundi. Itakaa siku mbili. Ya tatu imeshachacha, mwaga.

Rangi natengeneza kwa vipande vya chaki za rangi, vile vidogo visivyoshikika tena ubaoni. Viloweshe kidogo kabla ya kuviponda ili vumbi lisiingie vifuani mwa watoto, kisha changanya na gundi hiyohiyo. Nyeusi inatoka kwenye mkaa, kahawia kwenye udongo mwekundu uliochekechwa, njano kwenye manjano ya kupikia. Hayo manjano waambie watoto mapema kwamba hayatoki kwenye shati jeupe.

Bamia na jedwali la tano

Nunua bamia zilizokomaa, zile ngumu ambazo muuzaji anazitenga kwa kuwa hazifai tena kwa mboga. Changa inapondeka ikigandamizwa. Ikate mwenyewe kwa kukingama, mkato mmoja ulionyooka, na uache kipande chenye urefu wa kidole ili mtoto apate pa kushika. Futa ute kwa kitambaa, halafu ziache wazi kama dakika kumi. Ukiruka hatua hii rangi inateleza, na badala ya nyota unapata doa.

Rangi usiimwage sahanini. Weka kipande cha sponji ya godoro kwenye kifuniko cha ndoo, umimine rangi juu yake kidogokidogo. Mtoto anagusisha bamia kwenye sponji, anagandamiza kwenye karatasi, ananyanyua bila kuburuza. Inatoka nyota ya pembe tano yenye matundu matano ndani, moja kwa kila chumba cha mbegu. Mara ya kwanza darasa zima husema "aaa!" kwa pamoja, na hata mimi bado naifurahia.

Sasa somo. Mstari wa kwanza nyota moja, pembeni aandike 5. Mstari wa pili nyota mbili, aandike 10. Aendelee hadi mstari wa kumi. Usimwandikie majibu ubaoni. Wewe pita katikati ya madawati ukiangalia vidole. Kwenye mstari wa tatu karibu wote wanahesabu pembe mojamoja, kidole kinaruka kutoka ncha hadi ncha. Kufika mstari wa sita wengi wameacha. Utawasikia wakinong'ona "ishirini na tano, thelathini" bila kugusa karatasi. Aliye mstari wa nane na bado anagusa kila ncha, huyo ndiye wa kukaa naye wiki inayofuata. Mtihani wa maandishi haujawahi kunionyesha jambo hilo kwa uwazi namna hii.

Angalizo moja. Bamia nyingi za sokoni kwetu zina vyumba vitano, ila si zote: zipo za sita, saba, hata nane. Mwaka jana binti mmoja aliniletea karatasi yake akiwa karibu kulia. Mstari wake wa nne ulikuwa na 24, na jirani yake alikuwa na 20. Akaniambia, "Mwalimu, bamia yangu inadanganya." Nilikuwa nimeshanyoosha mkono nimpe nyingine, nikajizuia. Nikakaa kwenye dawati lake tukaihesabu nyota moja pamoja, taratibu. Sita. Nikamuuliza, "Kwa hiyo mstari wa tano utaandika ngapi?" Akafikiri, akasema thelathini. Basi akaendelea peke yake mpaka 60, akawa mtoto wa kwanza darasani kuwa na jedwali la sita. Tangu siku hiyo bamia za sita nazitenga kwa makusudi, ni za wiki ya pili.

Kanga na mzingo

Hii ndiyo kazi ninayoipenda kuliko zote, na inataka vipindi vitatu au vinne. Usiikimbize.

Waambie watoto waombe kanga nyumbani, au lete zako. Tandika mbili tatu mezani na uwaache wazitazame kabla hujasema lolote. Kisha taja sehemu zake: pindo linalozunguka pande zote nne, mji ulio katikati, na jina, yale maneno yaliyoandikwa chini ya mji. Watoto wa mji huu wamebebwa mgongoni kwa kanga na wamefunikwa kanga wakiumwa, lakini wengi hawajawahi kugundua kwamba kanga ina mpangilio unaohesabika.

Kata karatasi nyeupe ziwe na urefu wa sentimita 28 na upana wa 20. Vipimo hivi nimevichagua kwa sababu vinagawanyika kwa 4. Mtoto anachora kwa rula miraba ya sentimita 4 kuzunguka ukingo wote. Hilo ndilo pindo. Ndani unabaki mji wa sentimita 20 kwa 12.

Kabla hawajachora, waulize pindo litakuwa na miraba mingapi. Watapima: upande mrefu unaingia miraba 7, mfupi 5. Watajumlisha 7 na 7 na 5 na 5, wakupe 24, na watakuwa na uhakika kabisa. Nyamaza. Waache wachore na kuhesabu. Watapata 20.

Hapo darasa linachemka. Wengine wanafuta na kuanza upya, wengine wanasema rula ya mwenzao mbovu. Mpe kila mtoto chaki aweke nukta ndani ya mraba kila anapouhesabu, upande baada ya upande. Pembeni kabisa, kwenye kona, ataona nukta mbili. Kona nne zimehesabiwa mara mbili, na hizo ndizo nne zilizopotea. Mtoto akishaliona hilo kwa macho yake, utaweza kumweleza kwamba mzingo wa karatasi ni sentimita 96, yaani vipande 24 vya sentimita 4 kwenye ukingo, ilhali miraba ya pindo ni 20, na hatachanganya tena kupima ukingo na kuhesabu vitu vilivyopangwa ndani ya ukingo. Nimefundisha mzingo kwa ubao peke yake miaka mingi, na hakuna mwaka walioushika hivi.

Pambo la pindo lazima lijirudie. Korosho, nukta, jani, wachague wenyewe, ila mraba wa kwanza na wa tano ufanane kama wamechagua mzunguko wa mapambo manne. Miraba 20 inapokea mzunguko wa mapambo mawili, manne au matano bila kubaki. Atakayechagua matatu atafika mwisho pambo halikutani, na hilo nalo ni somo la kugawanya lenye baki, mwache alifikie.

Jina ni kazi ya kipindi cha Kiswahili. Herufi kubwa, maneno yasizidi sita, na liwe ni jambo ambalo mtu anaweza kumwambia mwingine. Wataanza na methali wanazozijua, haba na haba hujaza kibaba na nyinginezo. Zipokee, kisha omba jina la kwao wenyewe. Mmoja wangu aliandika MAMA RUDI MAPEMA. Sikumsahihisha kitu.

Na kwa kuwa kanga inauzwa doti, wapange wawiliwawili, kila jozi itoe kanga mbili zinazofanana kabisa. Hapo ndipo utawasikia wakielekezana: "Hapana, anza sentimita mbili kutoka kwenye mstari." Lugha ya vipimo inawatoka midomoni bila kulazimishwa.

Mkeka

Bibi zetu wanasuka ukili kwanza, ule mkanda mrefu wa miyaa, kisha wanashona ukili kwa ukili mpaka mkeka unatimia. Kwa karatasi tunafanya jambo jepesi zaidi. Kunja kipande cha manila katikati, kata mistari sambamba bila kufika ukingoni, kisha pitisha vipande vya rangi nyingine, juu moja, chini moja. Mstari wa kwanza unaanza juu, wa pili unaanza chini. Wakifika wa nne, uliza: wa tisa utaanzaje? Na wa 20? Wakishajibu bila kusuka, wameelewa witiri na shufwa. Ukitumia vipande kumi kwa kumi unapata vyumba 100, hamsini vya kila rangi, na huo mkeka uutunze kwa ajili ya sehemu na asilimia huko mbele.

Hapa vitambaa vya fundi cherehani vinafaa kuliko karatasi kwa watoto ambao vidole vyao bado vizito. Karatasi inachanika, mtoto anakata tamaa.

Manjano kwa somo la sayansi

Paka karatasi nzima kwa manjano yaliyokorogwa na maji, ikauke kabisa. Mtoto achovye kijiti kilichofungwa pamba kwenye maji ya magadi, achore. Mstari unageuka mwekundu wa kahawia papo hapo. Akipitisha ndimu juu yake, njano inarudi. Maji ya sabuni ya kufulia nayo yanafanya kama magadi. Darasa la tatu inatosha wajaribu vimiminika vingi na kuvigawa makundi mawili. Majina ya kitaalamu yatakuja madarasa ya juu.

Ramani ya njia ya nyumbani

Anza na jua. Dar es Salaam bahari iko mashariki, kwa hiyo jua linachomoza upande wa baharini. Mtoto akijua bahari iko wapi, pande nne amezipata. Kila mmoja achore njia yake kutoka shuleni hadi nyumbani, kisha vikundi vijenge mtaa juu ya boksi kwa vibiriti na maboksi ya dawa ya meno. Daladala wapake ule mstari wa rangi wa njia inayopita kwao.

Usiwakimbilie kuwarekebisha ukubwa wa vitu. Mtoto mmoja alichora mwembe mkubwa kuliko shule yetu, kwa sababu ndipo anapomsubiri kaka yake kila siku. Nikamwambia auache, na tukautumia mwembe huo kuzungumza kuhusu ufunguo wa ramani: alama gani ichorwe ili mgeni asidhani mti umeizidi shule?

Wanyama kwa mtindo wa Tingatinga

Edward Saidi Tingatinga alikuja Dar es Salaam kutoka Tunduru, akaanza kuchora miaka ya mwisho ya 1960, akafariki 1972. Alipaka rangi za baiskeli kwenye mbao za dari, na wachoraji waliomfuata bado wako Oysterbay. Mtindo huu unafaa kwa somo la sehemu za mwili wa mnyama, kwa kuwa mnyama mmoja anajaza ubao wote na kila kiungo kinaonekana waziwazi.

Rangi yake lakini usiiige. Mimi nilijaribu rangi ya mafuta mara moja, nikitaka kazi ing'ae kama ile ya wachoraji. Sare kumi na moja ziliharibika, na wazazi walikuja, tena kwa haki. Nililipa baadhi. Tumia ile ya chaki, juu ya boksi, na nukta zipigwe kwa kichwa cha kijiti cha kibiriti kilichokwisha.

Kuliendesha darasa kubwa

Kazi za rangi haziwezi kufanywa na watoto 74 kwa mara moja. Nagawa makundi ya sita sita. Nusu ya makundi yanafanya kazi ya mikono, nusu yanaandika, na baada ya kipindi kimoja yanabadilishana. Kila kundi lina mtunza maji na mtunza vifaa, na zamu zinabadilika kila wiki. Kisu na wembe havitoki mkononi mwangu.

Usichore mfano ubaoni. Ukichora mfano utapata nakala 74 za mchoro wako, na hutajua nani ameelewa. Onyesha hatua, kisha futa.

Kusahihisha, sitoi alama za uzuri. Nakaa na mtoto nusu dakika, naweka kidole mahali popote kwenye kazi yake na kuuliza: hapa umefanya nini, na kwa nini? Jibu naliandika kwa penseli nyuma ya karatasi pamoja na tarehe, halafu kazi inapanda kwenye kamba tuliyofunga kutoka dirisha hadi dirisha, kwa vibanio vya nguo, kwenye urefu ambao mwenyewe anaufikia. Mwezi Novemba wanateremsha kila mtu zake na kwenda nazo nyumbani. Doti za kanga hugawanywa, moja kwa huyu, moja kwa yule.